Mkono wa kuume na wa kushoto ndani ya ganda la kenkina

SWALI: Jambo yaya mwalimu. Niko finalisti wa kimia-biolojia hapa Ibanda, Bukavu. Profu aliandika molekuli mbili ku tablo, atomi ni zile zile, formula ile ile, zimeshikana vilevile, halafu anasema hizi ni mbili tofauti, moja ni R na ingine ni S. Mimi naona tu kama ameigeuza. Tunakariri juu ya egzeta (mtihani wa serikali) lakini mu kichwa haiingii. Utofauti uko wapi kabisa, na una kazi gani?

JIBU: Mdogo wangu, asante kwa kusema wazi, juu wengi wanafika mpaka univerisite wakiwa wanakariri tu. Shida inaanza palepale ku tablo: tablo iko bapa, kaboni haiko bapa. Funga daftari kwanza, uende jikoni.

Chukua kiazi kidogo, uchome njiti nne za kiberiti, usizipange kama msalaba, moja isimame juu na tatu zifunguke chini kama miguu ya kigoda, kila njiti iwe mbali na zenzake kadiri inavyowezekana (ndani ya kaboni ni kama digri 109,5). Ku ncha weka vitu vinne tofauti: nyanya ndogo, kitunguu, pilipili, kipande cha ndimu. Sasa weka kiazi mbele ya kioo, na cha pili ukitengeneze sawasawa na kile unaona ndani ya kioo. Halafu jaribu kuvilalisha vyote viwili: nyanya kwa nyanya sawa, kitunguu kwa kitunguu sawa, ukifika kwa pilipili unakuta ndimu. Zungusha vile unataka, haitakubali, kama vile sapatu ya kushoto haikubali mguu wa kuume. Njo kiralite hiyo, na jina lenyewe linatoka kwa neno la Kigiriki la mkono. Kisha toa ndimu kwa viazi vyote viwili, weka kitunguu cha pili pahali pake, ujaribu tena: vinalala sawa kabisa. Hapo utaelewa kwa vidole vyako kwa nini profu anasisitiza vitu vinne viwe tofauti.

R na S ni namna tu ya kuandika mkono gani uko nao. Vitu vinne unavipanga kwa namba ya atomi, yenye namba kubwa inatangulia. Chukua alanini, asidi amino moja ya protini: azoti ina namba 7, inapita kaboni, kati ya kaboni mbili, ile imeshika oksijeni inapita ile imeshika idrojeni tupu, idrojeni ya mwisho. Idrojeni ikae nyuma, mbali na macho, usome 1, 2, 3. Ukienda kama saa ni R, ukirudi kinyume ni S, na alanini ya protini za mwili wetu ni S. Lakini usichanganye na alama za + na −, hizo zinasema mwanga uliopolarishwa (unaotikisika upande mmoja tu) unageukia wapi, zinapimwa kwa mashini, hazisomwi ku mchoro. Asidi laktiki ya misuli ni S na inageuza mwanga kuume, chumvi yake ya sodiamu inabaki S lakini inageuza kushoto. Swali la mtego hilo, ulikumbuke.

Na kazi yake? Wewe uko Bukavu, jibu linaota ku vilima vya Kivu. Ile miti ya kenkina, tangu wakati wa Wabelgiji watu wanabandua ganda lake, linakauka, linakuwa la rangi ya mdalasini, ukilionja uchungu hautoki mu mulomo. Ndani mna kwinini, dawa ya malaria, na mna pia dada yake kinidini. Formula moja, C20H24N2O2. Ziko na kaboni nne za asimetriki (zinazoshika vitu vinne tofauti), ya 3 na ya 4 ni sawa, ya 8 na ya 9 zimegeuka. Kwa sababu zimegeuka mbili tu si picha za kioo, zinaitwa diastereoizomeri, na hapo njo wanafunzi wengi wanapoteza pointi. Zote mbili zinapiga malaria, lakini kinidini inagusa moyo kwa nguvu zaidi, mpaka madaktari waliifanya dawa ya mapigo ya moyo. Mwili wenyewe umejengwa kwa mkono mmoja, protini zake ni glavu za upande mmoja, ndiyo maana unatambua molekuli ya mkono gani imeingia.

Aliyefungua njia ni Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, mwaka 1848, akiwa na miaka 25. Alikausha chumvi ya asidi ya divai, akaona vikristali vya aina mbili, kimoja kioo cha kingine, akavitenga kimoja kimoja kwa mkono. Vinatengana hivyo ikiwa baridi tu, chini ya digri kama 27, kwa hiyo asubuhi ya Bukavu ingefaa, Kinshasa ingekuwa ngumu. Mwaka 1853 akapata njia bora: alichanganya asidi hiyo na bazi zinazotengenezwa kutoka dawa za ganda la kenkina. Ukimpa mtu mkono wa kuume kwa wa kuume si sawa na kuume kwa kushoto, chumvi mbili zikatoka tofauti, moja ikaganda mapema, akazitenga. Mpaka leo viwanda vinatumia njia hiyo. Mimi nikipita karibu na ile miti siwezi kuacha kufikiri hilo.

SWALI: Niko muuguzi Kadutu. Kuna ofloksasini na levofloksasini. Ni dawa moja?

JIBU: Mama, ofloksasini ni mchanganyiko wa mikono yote miwili, nusu kwa nusu. Levofloksasini ni ule mkono wa S peke yake, na njo huo unaopiga mikrobi, mwenzake ni dhaifu sana. Kwa hiyo miligramu za moja si miligramu za ingine, usibadilishe kidonge kwa kidonge, fuata kipimo cha ile daktari ameandika.