Kabla ya kukigusa kisu cha isoleta

Vijana wanaoanza kufunga isoleta za kilovoti 33, yaani swichi kubwa za kutenga laini ya umeme, hapa Mwanza huniuliza wafanyeje kisu (mkono wa chuma unaofunga njia ya umeme) kisipoingia vizuri kwenye taya linalokibana. Nawajibu: kiacheni kisu kwanza. Mara nyingi kosa liko kwenye fremu, au kwenye kikombe, ile nguzo ya kauri inayobeba kisu au taya, kilichosimama upande.

Laini ikishazimwa, ikapimwa na kuunganishwa na ardhi, anza chini. Weka pimamaji kwenye fremu, kwa urefu na kwa upana. Kikombe kinyooshwe kwa kuingiza vipande vyembamba vya bati chini ya kitako. Ukikinyoosha kwa kukaza bolti za upande mmoja, kauri inabaki na mkazo, na inaweza kupasuka baadaye, umeme ukiwa umesharudi.

Ndipo ufunge kisu kwa mkono, polepole, kwa fezi iliyo karibu na mpini. Kisu kipite katikati ya taya bila kugonga ubavu. Fungua na ufunge mara kadhaa, kisha panda ukaangalie michirizi kwenye ile ngozi ya madini ya fedha iliyofunika kisu. Inatakiwa ionekane pande zote mbili za kisu, kwa urefu unaolingana. Ikiwa upande mmoja tu ndio umechubuka, taya limekaa vibaya; rudi kwenye bolti zake, nyundo iache kwenye boksi. Msasa nao usikaribie hapo, fedha ile ni nyembamba mno. Kitambaa safi na spiriti vinatosha.

Fezi mbili zilizobaki hufuata kwa kurefusha au kufupisha fimbo za kuunganishia. Sikiliza zinavyofunga: mlio uwe mmoja. Tofauti inayoruhusiwa, pamoja na kina cha kisu ndani ya taya, vimo kwenye kitabu cha mtengenezaji. Usikisie.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Fundi anarekebisha mpaka anaridhika, kisha anafunga jampa, yaani waya unaounganisha isoleta na laini, na kuondoka. Jampa fupi huvuta kikombe, na milimita chache zinatosha kukitoa kisu mahali pake. Katika kiwanda kimoja cha samaki nilikuta taya limeiva mpaka likawa jeusi na springi zake zimelegea. Mzigo ulikuwa wa kawaida kabisa. Tulipofungua jampa, kikombe kilijirudi chenyewe kwa macho yetu.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni kile kinachochukuliwa jampa zikiwa zimeshakazwa. Pitisha ampea 100 za mkondo mnyoofu na usome ukinzani wa mguso, yaani jinsi umeme unavyozuiwa pale kisu kinapogusana na taya; hupimwa kwa mikroomu, sehemu za milioni za omu. Hesabu yenyewe inatisha: ampea 400 zikipita kwenye mikroomu 100, joto ni wati 16, zikipita kwenye mikroomu 1,000, ni wati 160, tena mahali padogo kama ukucha. Joto hulegeza springi, springi iliyolegea huongeza ukinzani, na joto linazidi.

Grisi iwe ya aina iliyotajwa kitabuni na ipakwe kidogo sana. Huku kando ya ziwa wadudu huja kwa mawingu, na grisi nene inawanasa pamoja na vumbi.

Mwisho, andika mikroomu za kila fezi na tarehe, umwachie mwenye mtambo. Mwakani atakayepima akikuta fezi ya kati imepanda maradufu na zile mbili zimetulia, atajua aanzie wapi.