Maine: kwa nini aliyeongoza kura alishindwa, na kwa nini gavana hana kanuni hiyo

Mtoa mada ameuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini Maine ilimpa Trump kura moja ya urais mwaka 2024 na tatu zikaenda kwa Harris; ilikuwaje mbunge aliyeongoza hesabu Novemba 2018 akaja kutangazwa kuwa ameshindwa; na shemeji yake wa Portland mwenye grini kadi ajiandikishe kupiga kura au aache. Waliotangulia kujibu wameandika "uchaguzi wa Marekani" kana kwamba kuna kitu kimoja chenye jina hilo. Ndiyo maana mmebishana kurasa nzima bila kufika popote.

Mimi naishi Lewiston, uraia nilishapata, na siku za uchaguzi huwa nakaa kituoni kama karani: natafuta majina daftarini, nagawa karatasi, naelekeza watu kwenye mashine. Nitajibu kwa ninayoyaona. (Jimbo nikisema hapa ni Maine nzima. Eneo la mbunge wa Washington nitaliita wilaya, tusichanganyane.)

Kwanza futeni wazo la tume ya taifa. Hakuna INEC ya Marekani. Katiba yao imeyaachia majimbo kazi ya kuendesha uchaguzi, hata ule wa viti vya Washington, na kwa Maine kazi hiyo iko mikononi mwa karani wa mji. Juu yake yupo Katibu wa Jimbo, ambaye naye wananchi hawampigii kura. Anachaguliwa na bunge la jimbo pale Augusta, pamoja na mwanasheria mkuu na mweka hazina. Gavana peke yake ndiye mtendaji wa serikali ya jimbo anayepigiwa kura na jimbo zima. Katibu huyo, Shenna Bellows, ndiye aliyeamua Desemba 2023 kwamba Trump asiwemo kwenye karatasi ya mchujo wa chama chake, kwa kifungu cha katiba kinachowazuia walioshiriki uasi kushika madaraka. Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi iliyotoka Colorado, ikasema majimbo hayana mamlaka ya kumwengua mgombea wa cheo cha shirikisho kwa kifungu kile, na uamuzi wa Maine ukafa hapohapo. Mnaona mpaka ulivyo: jimbo linaendesha, lakini si kila jambo ni lake.

Sasa kura za urais. Maine ina kura nne za wajumbe wanaomchagua rais. Majimbo karibu yote humpa mshindi wa jimbo kura zote. Maine ilitunga sheria yake mwaka 1969, ikaanza kutumika 1972: kura mbili kwa aliyeshinda jimbo zima, na moja kwa aliyeshinda katika kila wilaya ya mbunge, na wilaya ziko mbili. Nebraska nayo ilikuja kufuata mtindo huo. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilikuwa pambo tu, maana mshindi alikuwa akizoa zote nne. Mwaka 2016 ndipo zilipogawanyika, Clinton tatu na Trump moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea Maine tangu 1828. 2020 ikawa hivyohivyo, 2024 tena.

Ukiijua ardhi hushangai. Wilaya ya kwanza ni Portland na pwani ya kusini, kwenye ofisi, hospitali na nyumba za bei mbaya. Wilaya ya pili ni kaskazini yote: misitu, viazi vya Aroostook, miji iliyokuwa ikiishi kwa viwanda vya karatasi ambavyo vingi vimefungwa. Kwa ukubwa wa eneo hakuna wilaya inayoizidi mashariki ya mto Mississippi. Lewiston tumo humo, japo sisi ni mji na tuna watu wa kila rangi. Ukitoka hapa ukaendesha kuelekea Kanada, mabango ya uwanjani yanabadilika kadiri nyumba zinavyopungua.

Ila msije mkadhani watu wa huku wanapiga kura kwa kufuata chama kama mstari wa siafu. Mwaka 2020 Biden alishinda jimbo kwa karibu pointi tisa, na siku hiyohiyo Susan Collins wa Republican akarudi Seneti kwa asilimia 51. Seneta wa pili, Angus King, hana chama kabisa, na alishakuwa gavana vipindi viwili bila chama vilevile.

Wagombea wa namna hiyo, wasio na chama, ndio chanzo cha swali lako la pili. Maine wana mazoea ya kuwa na wagombea watatu wanne wenye nguvu kweli. Mwaka 2010 Paul LePage alipata ugavana kwa asilimia 37.6. Eliot Cutler, asiye na chama, alikuwa nyuma yake kwa chini ya pointi mbili, na wa Democrat akawa wa tatu kwa mbali. Yaani zaidi ya watu sita katika kila kumi hawakumtaka LePage, akatawala miaka minne, halafu 2014 akashinda tena bila kufikisha nusu. Mtanzania hilo halimshtui, maana kwetu tangu mabadiliko ya mwaka 2000 rais anapita kwa kuongoza tu. Mkenya litamkera, maana kwao bila nusu na moja watu wanarudi kituoni.

Watu wa Maine walichofanya, kwa kura ya maoni ya Novemba 2016, ni kuyaweka marudio ndani ya karatasi ileile. Humchagui mmoja tu. Unawapanga: huyu wa kwanza kwangu, asipofika mbali basi huyu, kisha yule. Anayeongoza akivuka nusu, kazi imeisha. Asipovuka, aliye mkiani anatolewa, na karatasi za watu wake zinahamia kwa waliyemwandika wa pili. Wanasiasa walijaribu kuichelewesha mpaka ife, wananchi wakakusanya saini wakaiokoa kwa kura nyingine Juni 2018. Kwa roho safi nasema, hapo niliwavulia kofia.

Novemba 2018, wilaya ya pili: Bruce Poliquin, mbunge aliyekuwa kitini, akaongoza kwa asilimia 46.3. Jared Golden, askari wa zamani wa Marine, akapata 45.6. Pengo lilikuwa kura 2,000 na ushei. Wagombea wawili wasio na chama walibeba asilimia nane hivi. Hakuna aliyefika nusu. Kura za wilaya nzima zikasafirishwa hadi Augusta, zikaunganishwa, wale wawili wakatolewa, na kati ya waliowapigia ambao walikuwa wamepanga pia mmoja wa wale wawili wa juu, wengi wakawa wamemwandika Golden mbele ya Poliquin. Mwisho: Golden 50.6, na akaongoza kwa kura 3,500 hivi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 6, jibu likaja tarehe 15. Siku hizo katikati, kazini kwangu watu walikuwa wakigombana wakati wa chai.

Poliquin akaenda mahakama ya shirikisho kudai Katiba inamlinda aliyeongoza. Jaji Lance Walker, ambaye aliteuliwa na Trump, akakataa: Katiba haisemi mbunge lazima apatikane kwa kuongoza mzunguko wa kwanza, na jimbo lina uhuru wa kupanga namna yake. Kwa hiyo anayesema "aliibiwa" aonyeshe wizi uko wapi. Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu. Mtu akiandika jina moja tu na jina hilo likatolewa, karatasi yake inawekwa kando, kwa hiyo ile nusu ya mwisho ni nusu ya karatasi zilizobaki, si ya wote waliofika kituoni. Ni kweli. Lakini hata kwenye marudio ya kawaida wapo wanaobaki nyumbani mgombea wao akishatoka, na hakuna anayeyaita wizi.

Hapa sasa ndipo penye utamu. Mfumo ule ulidaiwa kwa ajili ya ugavana, kwa sababu ya hasira za watu juu ya ushindi wa LePage, na ugavana ndio kiti ambacho hautumiki! Mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine walitoa ushauri kwamba katiba ya jimbo inasema gavana na wabunge wa Augusta wanachaguliwa kwa kuongoza tu. Kupanga majina kwenye uchaguzi mkuu wa viti hivyo kunapingana na katiba. Viti vya Washington havimo kwenye kifungu hicho, na mchujo wa vyama nao haumo. Kwa hiyo mchujo wa Juni gavana unampanga, Novemba humpangi. Seneta na mbunge wa Washington unawapanga mara zote mbili. Rais alianza kupangwa uchaguzi mkuu wa 2020, na Maine ikawa ya kwanza nchi nzima kumpigia kura hivyo.

Kifungu hicho hakikuwekwa kwa bahati. Zamani Maine gavana alitakiwa kupata zaidi ya nusu, na ikishindikana bunge ndilo linaamua. Uchaguzi wa 1879 hakuna aliyefika, halafu hata wabunge wenyewe wakawa wanabishaniwa, kila upande unadai bunge halali ni lake. Januari 1880 watu wenye silaha walijaa Augusta, na Joshua Chamberlain, jenerali aliyepigana Gettysburg kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na gavana wa zamani, akaitwa kusimamia amani mpaka mahakama iseme nani ni nani. Mwaka huohuo katiba ikabadilishwa: anayeongoza achukue, tusisikie tena habari za nusu. Dawa ya mwaka 1880 ndiyo iliyoziba dawa ya 2016. Kuibadilisha katiba kunataka theluthi mbili za mabunge yote mawili kisha kura ya wananchi, na chama ambacho kimewahi kunufaika na kuongoza tu hakina haraka.

Kituoni matokeo yake nayaona kwa macho. Mpiga kura anapewa karatasi yenye safu za kupanga na nyingine ya kuchagua mmoja. Kuna mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, raia mpya, alinirudia na karatasi zake mkononi: "Mwanangu, huku niko napanga, huku wanasema mmoja tu. Iko namna gani?" Nikamjibu, "Mama, hii ya Washington, hii ya Augusta, kila moja na sheria yake." Akaniangalia, akasema, "Basi na nyinyi muko na serikali mbili kama sisi tuko na shida mbili." Nilicheka, lakini zaidi ya hapo siruhusiwi kumwelekeza. Asiyeweza kusoma karatasi anaweza kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ilimradi asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Jambo hilo wengi wa huku Lewiston na Portland hawalijui, wanaona aibu wanarudi nyumbani.

Novemba 2026 mtayaona yote haya kwa pamoja: ugavana uko wazi kwa kuwa Janet Mills amemaliza vipindi viwili mfululizo, na kiti cha Collins nacho kinagombewa. Wakiwa watatu wenye nguvu kwenye ugavana, msishangae mtu akipita na asilimia 40, wakati karatasi ya pili ya mpiga kura yuleyule inadai nusu.

Sasa shemeji. Asijiandikishe. Grini kadi si uraia, na kupiga kura kwenye uchaguzi wa shirikisho bila uraia ni kosa la jinai. Kudai wewe ni raia kwenye fomu kunatosha kumfukuzisha nchini hata kama hakupiga kura yoyote. Awe makini zaidi ofisi ya leseni ya gari, maana ndipo swali la kujiandikisha huchomekwa katikati ya maswali mengine na mtu amechoka na foleni. Asidanganywe na mtu anayemwambia "Portland ni mji wa wahamiaji, wanaruhusu". Portland walipiga kura ya maoni 2010 kuhusu kuwaruhusu wakazi halali wasio raia kwenye uchaguzi wa mji tu, na ikakataliwa.

Akishaapa uraia, mambo yanageuka kuwa mepesi kuliko majimbo mengi. Tangu miaka ya 1970 Maine inaandikisha watu hadi siku yenyewe. Bunge lilipoufuta utaratibu huo 2011, wananchi waliurudisha kwa kura ya maoni kabla mwaka haujaisha, na Novemba 2025 wakakataa pia pendekezo la kudai kitambulisho cha picha kituoni. Kwa hiyo hata akikumbuka jioni ya Novemba, aende na uthibitisho wa yeye ni nani na anakaa wapi, bili ya umeme yenye jina lake inafaa, afike kabla ya saa 2 usiku. Ataandikishwa na kupiga kura palepale.