Muulize Mzee wa Santuri: Kanda iliyoandikwa "Bob Marley 2"

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Mi msomaji wako wa Tanga, nna miaka 27. Kwetu Jumapili baba alikuwa hapigi kitu kingine zaidi ya Bob Marley, yaani nimeota meno na Exodus. Sasa juzi niko saluni nanyolewa, ikapigwa Johnny B. Goode ya reggae, nikamwambia kinyozi ongeza sauti bana, hii ya Bob mbona sijawahi kuisikia. Saluni nzima ikaangua kicheko. Kinyozi akasema huyo sio Bob, ni Peter Tosh, walikuwa wote kwenye bendi ya The Wailers. Nimeingia mtandaoni nimekuta albamu kibao sijui pa kuanzia. Alafu nipe ukweli, alifukuzwa au aliondoka mwenyewe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usione aibu, mi nilikaa na kosa kama hilo karibu miaka miwili. Enzi za kanda kulikuwa na kibanda cha kurekodi pale Kariakoo, unapeleka kanda yako tupu ya dakika 90, unamwambia jamaa unataka nini, kesho yake unaichukua imeandikwa kwa kalamu ya wino. Yangu upande A aliandika Bob Marley. Upande B akaandika Bob Marley 2. Basi mi nikawa nabishana na watu kijiweni kwamba Bob ana sauti mbili, moja ya kubembeleza na moja ya kugomba, na ile ya kugomba ndo mi naipenda zaidi. Siku moja baharia mmoja aliyekuwa anakuja kwa jirani akaisikia, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kijana hiyo ni albamu ya Equal Rights, huyo ni Peter. Kwa hiyo kinyozi wako nampa heko.

Ila nikwambie kitu, Peter unamjua siku nyingi. Nenda kwenye ile Get Up, Stand Up ya baba yako, ile ya albamu ya Burnin' ya 1973. Beti mbili za mwanzo ni Bob. Ukifika ubeti wa tatu sauti inashuka, inakuwa nzito ya kifuani, jamaa anasema tumechoka na hizo habari zenu za kufa ndo ukaenda mbinguni. Huyo ndo Peter, na wimbo wenyewe waliutunga wote wawili. Umemsikia tangu uko mgongoni kwa mama, ni vile hakuna aliyekutajia jina.

Sasa la kufukuzwa. Hakufukuzwa. Jina lake la kuzaliwa ni Winston Hubert McIntosh, kazaliwa 1944 Westmoreland, magharibi ya Jamaica, kaingia Kingston bado kijana, kakutana na Bob na Bunny Wailer pale Trench Town. Mwimbaji mmoja wa mtaani anaitwa Joe Higgs ndo aliyewanoa, anawafundisha kupanga sauti tatu uani kwake na hawatoi hata shilingi. Peter ndo alikuwa anajua vyombo kuliko wenzie, gitaa na kinanda. Mwaka 1973 kampuni ya Island ya Chris Blackwell ikawatolea albamu mbili mwaka mmoja, Catch a Fire na Burnin', na ndo hapo mambo yakaanza kuchacha. Bunny safari hazitaki, kwenda Marekani akagoma kabisa ikabidi mwalimu wao Joe Higgs aende badala yake. Peter naye anaona kampuni macho yote kwa Bob, na albamu yake ya peke yake Island hawakuitaka. Peter alikuwa bingwa wa kuyageuza maneno, akawa anamwita Blackwell "Whiteworst", yaani jina la mtu lina weusi na uzuri ndani yake, ye akalipindua likawa weupe na ubaya. Mtu akishaanza kukuita hivo ujue mkataba umekwisha. 1974 akaondoka. Bob akabaki na jina, ikawa Bob Marley and the Wailers, wakaletwa wale akina dada watatu wa I Threes kujaza pale walipokuwa wanaimba wanaume wawili.

Pa kuanzia: wengi watakwambia Legalize It ya 1976, ile yenye kava amechuchumaa katikati ya shamba la bangi na kiko chake. Mi nakataa. Ni albamu nzuri, kuna wimbo mle unaitwa Igziabeher, ni neno la Kihabeshi la Mungu, ukiusikia usiku na umeme umekatika unaweza ukatoka nje kuangalia kuna nini. Lakini ukianzia pale utabaki na Peter wa bangi tu kama walivyobaki wengi.

Anza na Equal Rights ya 1977. Na usiisikilizie kwenye spika ya simu tafadhali. Besi ni Robbie Shakespeare na drams Sly Dunbar, simu inaimeza besi yote unabaki na matoazi yanakwaruza. Tafuta hedifoni hata za kuazima, au nenda kwa yule kinyozi usiku akishafunga. Alafu weka Downpressor Man. Inazidi dakika sita na haina haraka kabisa, Robbie anatembea taratibu kama mtu anayejua mwizi wake hana pa kukimbilia. Peter anamuuliza mkandamizaji, siku hiyo utakimbilia wapi? Ukikimbilia baharini bahari inachemka, ukikimbilia kwenye mwamba mwamba unayeyuka. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa hajui hata neno moja la kiingereza, alikuwa anakereka na ile besi inatetemesha vikombe kabatini, siku nilipomtafsiria akanyamaza akasikiliza mpaka mwisho akasema mwanangu hicho ni kiyama, huyo mtu kasoma.

Na lile neno downpressor halipo kwenye kamusi ya Mwingereza, ni lugha ya Marasta. Mkandamizaji kwa kiingereza ni oppressor, lakini masikioni mwa Rasta ile "op" inasikika kama "up", yaani juu, sasa mtu anayekukandamiza chini atakuwaje na juu kwenye jina lake? Wakamshusha. Siasa nayo Peter alikuwa haiiti politics, anaiita politricks, kwamba ni hila tupu. Huwezi kumwelewa kama hujui kwamba kwake kulitengeneza neno upya ni nusu ya ugomvi.

Kuna African pia mle, anasema hata utoke wapi, maadamu we mweusi basi we Mwafrika, usizubae na uraia wa kwenye makaratasi. Watoto wa Soweto walipigwa risasi Juni 1976, mwaka uliofuata Peter katoa wimbo unaitwa Apartheid, wakati nchi kubwa nyingi bado zinafanya biashara na makaburu bila wasiwasi. Alafu huo wimbo wenyewe wa Equal Rights: kila mtu analilia amani, hakuna anayelilia haki, mi sitaki amani nataka haki sawa. Mstari huo ukumbuke manake ulikuja kumponza.

Tarehe 22 Aprili 1978 lilifanyika lile tamasha la amani kwenye uwanja wa taifa Kingston, vyama viwili vya siasa vilikuwa vinauana mitaani. Picha ya siku ile unaijua, Bob anawashikanisha mikono Michael Manley waziri mkuu na Edward Seaga wa upinzani. Kabla ya Bob alipanda Peter. Badala ya kuimba nyimbo za kupatana akawasomea wakubwa somo refu, wako wamekaa mbele pale, anawaambia hakuna amani bila haki, anawatukania mfumo wao, anawasha na msokoto wake polisi wanaangalia. Sauti ya siku ile ilirekodiwa na baadae ikatoka kama albamu, itafute, ukimya wa watu wakati anaongea unausikia kabisa. Miezi mitano baadae polisi walimkamata Kingston wakampiga nusura afe.

Mick Jagger alikuwepo uwanjani siku ile, akamchukua kwenye lebo yao Rolling Stones Records, mwaka huohuo ikatoka Bush Doctor na ule wimbo anaoimba na Jagger, Don't Look Back, wa zamani wa The Temptations. Mtamu, wa harusini. Kwa mi Jagger angekaa tu nyuma apige makofi. Baada ya hapo Mystic Man 1979 na Wanted Dread and Alive 1981, hizo chukua nyimbo mbili tatu uache zingine. Mama Africa ya 1983 ndo yenye Johnny B. Goode yako. Ile ni ya Chuck Berry ya 1958, kijana wa Louisiana na gitaa lake, Peter kamhamisha Jamaica, kamjengea kibanda mlimani karibu na Mandeville, na amekaa vizuri utadhani alizaliwa hukohuko. Ya mwisho No Nuclear War ilitoka 1987, tarehe 11 Septemba mwaka huohuo majambazi wakamuua nyumbani kwake Kingston. Kwa albamu hiyo alipewa tuzo ya Grammy 1988 yuko kaburini, na kusema kweli ile sio hata ya tatu kwa ubora kwenye kazi zake.

SWALI: Habari za kazi Mzee. Mwanangu wa kidato cha nne amebandika picha ya huyo Peter Tosh ukutani, ile ya shambani. Mi sipendi. Baba yake ananiambia niache, ni muziki tu. Je huyu mtu aliimba kitu kingine zaidi ya bangi?
Mama wa vijana wawili, Morogoro

JIBU: Dada yangu, hiyo picha hata mi ningeibandua, nyumba ni yako. Bangi kwetu ni kosa la jinai na mtoto ana mtihani. Hata huko Jamaica kwenyewe wimbo wa Legalize It redio zao ziliupiga marufuku, na walikuja kulegeza sheria kwa kiasi kidogo mwaka 2015, Peter ana miaka 28 udongoni.

Ila ukibandua usimnyang'anye na muziki. Kwenye albamu hiyohiyo kuna Till Your Well Runs Dry, wa mtu kaachwa na aliyempenda, anamwambia utanikumbuka kisima kikikauka, hakuna moshi hata kidogo mle. Mpe badala yake kava la Equal Rights, uso wake na miwani ya giza. Na mwambie asikilize yale mashairi na kamusi mkononi, kiingereza chake kitanyooka, ingawa mwalimu wake anaweza kupata tabu na downpressor.

SWALI: Mzee mi na shemeji yangu tunabishana kila tukikutana, yeye anasema Bob bila wenzie alikuwa bora zaidi, mi nasema wenzie bila Bob ndo walipumua. Na yule wa tatu, Bunny, alifanya nini? Tuamulie.
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Siamui, ila nawapa kazi. Mwaka 1976 ni mwaka mmoja wa ajabu sana, wote watatu walitoa albamu. Bob katoa Rastaman Vibration, Peter katoa Legalize It, na Bunny katoa Blackheart Man. Zikae zote tatu kwenye foleni, jioni moja, ugomvi marufuku mpaka ziishe.

Mtakachosikia ni The Wailers waliopasuliwa vipande vitatu. Bob kabeba utamu wa kiitikio, kile kinachokufanya uimbe hata hujui maneno. Peter kabeba hasira na ule mzaha wake mkali. Bunny, na huyu ndo watu wengi hawajamgusa kabisa, kabeba utulivu, Blackheart Man ni albamu ya mtu aliyehamia kijijini na hataki kupigiwa simu. Sauti yake ni ya juu, nyororo, ndo ile mnayoisikia inaelea juu ya wenzie kwenye nyimbo zao za zamani. Na hapo ndo pa kumnyamazisha shemeji: Bob na Peter wote wawili wameshiriki kwenye albamu hiyo ya Bunny, miaka miwili baada ya bendi kuvunjika. Kwa hiyo walikuwa wameachana kikazi, kuimba pamoja hawajaacha.

Bunny ndo aliyebaki wa mwisho, Bob alikufa 1981, Peter 1987, ye akaenda mpaka Machi 2021. Tuzo za Grammy anazo tatu, mbili kati ya hizo alizipata kwa albamu za kumuenzi Bob, fikiria mtu aliyekataa kupanda ndege kwa ajili ya hiyo bendi.

Shemeji akikataa kusikiliza mpaka mwisho, muwekee Dreamland peke yake, ya Bunny, ni dakika kama tatu tu. Akisema hiyo nayo ni Bob muuzie ile kanda yangu, bado ninayo, upande B umejinyonga kidogo pale kwenye Stepping Razor ya Peter.