Msimwage Maji ya Watu

Wahudumu wapya wa afya ngazi ya jamii mliopangiwa mitaa ya Tanga masika hii, karibuni. Fulana mnazo, tochi mnazo, fomu mnazo, na chai ya semina mmekunywa. Sasa tusikilizane, maana makosa yanayofanyika Ngamiani wiki hizi ndiyo yaleyale yaliyofanyika mwaka 2019, homa ya dengi ilipozishika Dar es Salaam na Tanga. Tofauti ni kwamba wanaoyafanya sasa wana vyeti vizuri zaidi.

1. Wekeni malaria pembeni. Kijana akikuta mgonjwa wa homa, swali lake la kwanza ni "Unalala kwenye chandarua?" Akijibiwa ndiyo, anatia alama ya vema na kuaga. Aedesi, mbu anayeeneza dengi, hana shida na usiku wako. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi jua likishachomoza na alasiri kuelekea magharibi. Ulizeni mgonjwa alikuwa akishinda wapi siku nne hadi kumi kabla ya homa kuanza. Sokoni Mgandini? Madrasa? Gereji yenye rundo la matairi? Mtu analala Makorora, mbu wake yuko kwingine kabisa, nanyi mnapekua vyungu vya maua vya Makorora.

Chandarua kina kazi yake, ila ni cha mgonjwa, na ni cha mchana. Siku tano za kwanza za homa ndipo damu yake ina kirusi kingi cha kumpa mbu. Mbu akishainyonya damu hiyo, kirusi hukaa ndani yake siku nane hadi kumi na mbili kabla hajaanza kuambukiza, kisha huambukiza mpaka afe. Halafu wapo walioambukizwa wasioumwa chochote, nao mbu anawanyonya vilevile. Kwa hiyo mtaa ukitulia wiki moja baada ya mgonjwa wa kwanza, msianze kupongezana kwenye kundi la WhatsApp. Hesabuni wiki tatu.

2. Hodi hupigwa mara tatu, shikamoo hutangulia fomu, na mwenyekiti wa mtaa au balozi huwa mbele. Mwanamume haingii uani kwa watu kwa sababu tu amevaa fulana yenye nembo. Ijumaa adhuhuri pumzikeni.

3. Msimwage maji ya watu. Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi ya mtaa mzima huharibika kwa dakika mbili.

Huwa hivi. Kijana anafunua pipa, anamulika, anaona viluwiluwi vinajinyonganyonga. Anafurahi kama aliyeokota pesa. Hapohapo analipindua pipa, maji yanashuka mfereji mzima, kisha anamgeukia mwenye nyumba mbele ya majirani: "Mama, wewe unafuga dengi hapa!" Pipa lile ni lita 200, yaani ndoo kumi za lita ishirini. Bomba limekauka tangu juzi, maji kayanunua kwa mwenye mkokoteni. Ndiyo ya kufulia, ya kupikia, ya kutawadha. Unategemea akushukuru?

Habari inafika barabara ya pili kabla yako. Ukifika, mapipa hayapo uani. Yamehamishiwa vyumbani, yamefunikwa kanga, na mlangoni kuna mtoto aliyefundishwa kusema "wenyewe hawapo". Na mbu huyu anapenda kivuli, anapenda ndani ya nyumba. Umemhamisha kutoka uani ukampeleka chini ya kitanda. Fomu yako sasa inaonyesha vyombo vyenye viluwiluwi vimepungua, bosi wako anafurahia grafu, na wiki mbili baadaye homa zinafumka kwenye mtaa uliouandika kuwa safi. Uvumi nao haukawii: mara dawa yenu inafunga kizazi, mara nyie ndio mnaoileta homa, kwani kabla hamjaja nani aliumwa? Uvumi wa namna hiyo hauanzi na ujinga wa watu. Huanza na maji yaliyomwagwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba kumwaga kwenyewe hakumalizi kitu. Aedesi hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Ni meusi, madogo, ukipitisha kidole utadhani ni uchafu wa kawaida. Yanavumilia ukavu miezi kadhaa. Wewe umemwaga leo, bomba likatoka keshokutwa, maji yakapanda yakayagusa, yameanguliwa. Siku saba hadi kumi nyumba ina mbu wapya, na mama ana ushahidi kwamba ulimtia hasara bure.

Fanyeni hivi. Funga kanga kuukuu mdomoni mwa diaba, mimina maji ya pipa polepole, viluwiluwi vibaki juu ya kitambaa. Kung'uta kitambaa kwenye mchanga mkavu juani. Pipa likiwa tupu, chukua kumbi la nazi na sabuni, sugua ukuta kwa nguvu, hasa pale penye alama ya maji na chini ya ukingo ambako mkono huona uvivu kufika. Suuza, na maji ya kusuuzia yamwagwe penye ardhi kavu, si mferejini. Kisha rudisha maji ya watu. Bati lililopinda halihesabiki kuwa kifuniko. Tumia kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli, na Tanga mipira ya baiskeli haijawahi kuadimika. Hii ni kazi ya kila wiki, siku ileile, na anayesugua ni mwenye nyumba, wewe unaonyesha. Kampeni ya usafi ya Jumamosi moja yenye matarumbeta ndiyo ile waja leo waondoka leo.

Tangi la zege lisilomwagika litiwe temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chengachenga ya asilimia 1, gramu 10 kwa kila lita 100. Pimeni ujazo wa chombo kikijaa, si maji mliyoyakuta siku hiyo. Vijana wengi hukuta pipa nusu, wanatia gramu 10, jioni maji yanajazwa na dawa imekuwa nusu ya inayotakiwa. Mwonyesheni mwenyewe pakiti kabla hamjaifungua, mseme ni nini na inaua nini.

Kwa anayebisha kwamba vidudu vile ni vya maji tu, chota vichache kwenye chupa nyeupe, funga mdomo kwa kitambaa, mwachie. Siku chache tu atamwona mwenyewe mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Chupa hiyo mkairudie, muichemshe.

4. Mkimulika chombo, kivuli chenu kisitangulie. Viluwiluwi hukimbilia chini. Subiri dakika moja, vitapanda kupumua. Na inamisheni migongo: vifuu vya nazi nyuma ya jiko vinasahaulika kuliko kitu chochote mji huu.

5. Watu watadai moshi wa dawa ya mbu. "Mbona hampulizi?" Diwani naye anaupenda, unapigika picha vizuri. Moshi huua mbu anayeruka wakati ule tu, hauna habari na mayai wala viluwiluwi. Aedesi amejipumzisha ndani, nyuma ya nguo zilizotundikwa, na gari limepita barabarani huku madirisha yote yamefungwa kwa kuogopa harufu. Ukipangwa moshi, tangulieni mwombe milango na madirisha yafunguliwe, chakula kifunikwe.

6. Kipimo cha haraka cha malaria kikitoka hasi, dawa mseto ya malaria isitolewe "kwa tahadhari". Na sindano ya diklofenaki kwa mgonjwa anayeshukiwa dengi ni hatari, pamoja na aspirini na ibuprofeni, kwa sababu ya kutoka damu. Apewe parasetamoli kwa kipimo chake, madafu, uji mwepesi, ORS. Kipimo cha dengi cha NS1 kina maana zaidi siku tano za mwanzo. Anayekunywa majani ya mpapai msigombane naye, gombaneni na kuchelewa kwake kwenda kituoni. Siku ya kuogopwa ni ile homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati nyumba nzima inasema amepona: tumbo likiuma sana, akitapika bila kukoma, fizi zikitoka damu, mikono ikiwa baridi au akihangaika, aende hospitali ya Bombo sasa hivi.

7. Damu ya fizi ikionekana, jirani mmoja atasema Marburg, ile homa ya kutoka damu inayopita kwa kumgusa mgonjwa. Tangu Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, neno hilo liko mdomoni. Usilirudie uani, wala usilicheke. Dengi haipiti kwa kumgusa mgonjwa, mwambieni hivyo anayemuuguza. Lakini usimpangie mgonjwa jina la ugonjwa kwa macho: usiguse damu mikono mitupu, uliza safari zake na misiba aliyohudhuria, sogea pembeni, mpigie afisa afya wa kata au 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya.

8. Nyumba iliyofungwa si nyumba safi. Ukipewa nyumba 50, ukazikuta 40 zimefunguliwa zenye vyombo 12 vya viluwiluwi, kipimo cha Breteau (vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100 zilizokaguliwa) ni 12 kugawanya kwa 40 mara 100, yaani 30. Ukigawanya kwa 50 unapata 24, na mtaa unaonekana nafuu kwa sababu ya kufuli za watu. Ziandikeni pembeni zile kumi, mzirudie jioni, wenyewe wakiwa wametoka sokoni.