Maswali na Majibu: Mwendo wa Barabara Kuu na Faini Zake

Barua nyingi zilizofika mezani hivi karibuni zinahusu mwendo wa magari katika barabara zinazotoka Dar es Salaam, na wengi wa walioziandika wanataka vibao vibadilishwe au faini zipunguzwe. Nimezifupisha pale ilipolazimu, na waandishi wake nawataja kwa maeneo yao tu.

"Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha sasa ina njia nane, lakini bado tunakamatwa kwa kuzidisha hamsini kama enzi za njia mbili. Upana huo ulijengwa kwa ajili gani? Je, wakati haujafika wa kubadili vibao?" (Dereva, Kibamba)

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, haiangalii upana wa lami bali inaangalia makazi yanayopakana nayo, na katika maeneo ya makazi imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa. Kutoka Kimara hadi Kibaha ni kilomita 19 na kidogo, na karibu kote huko kuna nyumba, maduka, vituo vya daladala na watu wanaovuka kwenda upande wa pili, achilia mbali kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis. Barabara ilipanuliwa ili magari mengi zaidi yapite kwa saa na foleni ipungue, na kazi hiyo imefanyika. Haikupanuliwa ili kila gari likimbie zaidi.

Kwa mwenda kwa miguu, upana huo umeongeza umbali wa kuvuka, na mtu mzima anayetembea polepole hukaa barabarani muda mrefu kuliko alivyokaa zamani. Dereva makini huhitaji takribani sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari lililo kwenye mwendo wa 50 limekwishakwenda mita 14, huku la mwendo wa 80 likiwa limekwenda mita 22. Ukiongeza umbali wa kufunga breki zenyewe, kwenye lami kavu na kwa gari zima, la kwanza husimama baada ya mita 28 hivi na la pili baada ya mita 57 hivi, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa mwendo wenyewe haujaongezeka hata mara mbili. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye vifo hupanda kwa asilimia 4.

Wasomaji kadhaa wamenitajia Marekani, ambako kila jimbo hujiwekea mwendo wake. Ni kweli kwamba huko Texas ipo barabara ya jimbo namba 130, upande wa kusini wa mji wa Austin, ambayo tangu mwaka 2012 kibao chake kinaruhusu maili 85 kwa saa, sawa na kilomita 137, na hakuna kibao kingine nchini humo kinachozidi hapo. Lakini hiyo ni barabara ya kulipia, ambayo magari huingia na kutoka kwa njia maalumu za kuungana nayo, haina kituo cha daladala pembeni, na hakuna mtoto wa shule anayeivuka kwa miguu. Anayetaka kibao cha Texas adai kwanza barabara ya Texas.

Maoni yangu ni kwamba msomaji ana haki kwa sehemu. Mahali palipowekwa uzio na daraja la waenda kwa miguu, na magari yanayosimama yakatengwa na yale yanayopita, sioni sababu ya kung'ang'ania 50, na 70 ingetosha na kuheshimiwa. Mahali ambapo daladala hushusha abiria na abiria hao wakavuka njia zote nane, hiyo 50 yenyewe ni kubwa.

"Kibao cha 50 naona kinapoanzia, ila sijui kinapoishia. Trafiki anasema nilikuwa bado ndani ya hamsini, mimi naona nyumba zilikwisha. Nani yuko sahihi?" (Msomaji, Mlandizi)

Kibao cha mwendo hufutwa na kibao cha kumaliza mwendo huo, kile chenye mistari ya mshazari juu ya namba, au na kibao kipya chenye namba nyingine. Hakifutwi na nyumba ya mwisho uliyoiona wewe. Kwa hiyo, kama kibao cha kumaliza kilikuwapo mbele yako, trafiki ndiye sahihi.

Tatizo huanza pale kibao hicho kinapokuwa hakipo, na sote tunajua vibao vingi vimeng'olewa vikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hapo nashauri uendelee na mwendo mdogo mpaka mazingira yabadilike waziwazi, kisha ukifika salama upige simu au uandike kwa ofisi ya TANROADS ya mkoa husika, ukitaja kijiji na upande wa barabara, kwa kuwa barabara kuu na za mikoa ziko chini yao, wakati TARURA inashughulikia za mijini na vijijini. Kukosekana kwa kibao ni hoja halali ya kuieleza unapotuhumiwa, ila ni lazima uweze kuithibitisha, na picha iliyopigwa siku hiyo hiyo husaidia kuliko maelezo marefu.

"Nimeambiwa gari dogo binafsi halina ukomo wa mwendo nje ya mji. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni?" (Msomaji, Sinza)

Safari hii vijiwe vimepatia zaidi ya inavyodhaniwa. Sheria imetaja 50 kwa maeneo ya makazi, na 80 kwa magari ya abiria ya biashara na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari dogo binafsi lililo nje ya makazi, mahali pasipo na kibao chochote, halikuwekewa namba. Wadau wa usalama barabarani wamelilalamikia pengo hili kwa miaka mingi, na mimi niko upande wao. Hata hivyo, kutokuwapo kwa namba si ruhusa ya kukimbia utakavyo, kwa sababu sheria hiyo hiyo inaadhibu uendeshaji wa hatari na wa uzembe, na mwendo mkubwa kwenye kona, mvua au ukungu unaweza kabisa kuwa uzembe huo.

Ugumu wa mpangilio kama huu ulionekana katika jimbo la Montana, Marekani. Mwaka 1974, baada ya mataifa ya Kiarabu kuzuia mafuta, Serikali ya Marekani iliyabana majimbo yote yasiruhusu zaidi ya maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, ili kuokoa mafuta. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1995 majimbo yakarudishiwa uamuzi, na Montana ikaamua kwamba mchana, kwa magari madogo, hakutakuwa na namba, bali dereva aende kwa mwendo wa busara kulingana na hali. Tatizo likawa ni busara ya nani, ya dereva au ya askari. Mwishoni mwa mwaka 1998 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba kifungu hicho hakimwelezi mwananchi kwa uwazi kosa ni lipi, na mwaka uliofuata jimbo likaweka maili 75, takribani kilomita 120. Kwa nchi nzima, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kupandishwa kwa mwendo baada ya 1995 kuliongeza vifo vya barabarani kwa asilimia 3.2 katika miaka kumi iliyofuata. Asilimia hiyo inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa watu, ambao walikadiriwa kuzidi 12,500.

Nasi tunahitaji namba. Iwe 100 au nyingine, iandikwe katika sheria, ili dereva asiwe na la kukisia.

"Niliandikiwa faini ya 30,000 kwa kwenda 56. Gari lililonipita kwa kasi ya ajabu nalo likasimamishwa, likaandikiwa 30,000 hiyo hiyo. Hii ni haki gani?" (Msomaji, Tabata)

Ndivyo utaratibu wetu wa faini za papo kwa hapo ulivyo: kosa moja ni shilingi 30,000, liwe la kuzidisha kilomita sita au hamsini. Trafiki anaweza kumpeleka mahakamani aliyevuka mipaka kupita kiasi, lakini barabarani wengi huishia kwenye karatasi ile ile na kontroli namba ile ile.

Majirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine katika kanuni zao za mwaka 2016. Aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa, 6 hadi 10 hulipa shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 hulipa 3,000, na 16 hadi 20 hulipa 10,000. Finland wamekwenda mbali zaidi, kwani makosa makubwa ya mwendo hutozwa kwa kufuata kipato cha mkosaji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya simu aliyekwenda 75 mahali pa 50 alitozwa euro 116,000, ingawa baadaye kiasi hicho kilipunguzwa. Katika jimbo la Virginia, Marekani, kuzidi maili 85 kwa saa huhesabiwa kuwa uendeshaji wa hovyo, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 12 jela. Angalia kwamba ni maili 85 zile zile zinazoruhusiwa na kibao cha Texas.

Ninaloliona baya katika faini ya bei moja si ukubwa wala udogo wake. Kwa dereva mwenye uwezo, 30,000 huingia kwenye bajeti ya safari kama nauli ya pantoni ya Kigamboni, akishalipa anaendelea na mwendo wake. Kwa dereva wa daladala anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, fedha hiyo ni chakula cha nyumbani. Faini inayopanda kulingana na kiasi kilichozidishwa ingemgusa zaidi yule wa kwanza, na ingempa huyu wa pili nafasi ya kuonywa anapoteleza kidogo. Ningependa pia kila dereva ahesabiwe makosa yake, ili anayeyarudia asimamishiwe leseni hata kama fedha ya kulipa anayo, maana kwa mtu wa namna hiyo leseni ndiyo yenye uzito.

Niongeze kwamba faini isipolipwa kwa wakati huongezeka. Usiikalie.

"Je, ninaweza kukataa kulipa nikipigwa tochi?" (Msomaji, Mbagala)

Unaweza kukataa kosa. Faini ya papo kwa hapo ni kwa anayekubali kwamba ametenda kosa, na asiyekubali ana haki ya kupelekwa mahakamani akajitetee. Omba kwa heshima uoneshwe picha na mwendo uliosomwa, hakikisha namba ya gari ni yako, na uangalie mahali na saa. Kama vyote ni sahihi, kesi itakugharimu siku nyingi kuliko faini.

"Magari ya Serikali yenye namba za STK hutupita kama tumesimama. Wao sheria haiwahusu?" (Msomaji, Ubungo)

Inawahusu. Msamaha ni wa gari la zimamoto, la wagonjwa na la polisi likiwa kwenye dharura. Mkuu anayechelewa kikao Dodoma si dharura.

"Nimenunua gari mkononi, kumbe lina madeni ya trafiki ya mwenye gari wa kwanza. Nifanye nini?" (Msomaji, Kigamboni)

Deni hufuata namba ya gari. Mdai muuzaji kwa maandishi, na safari nyingine uitafute namba hiyo katika mfumo wa polisi wa madeni kabla hujatoa fedha.

"Mimi ni abiria wa Dar na Morogoro. Basi likienda 80 tunamlaumu dereva kwamba tunachelewa. Tunakosea?" (Msomaji, Kimara)

Mnakosea, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme katika safari hiyo ya kilomita 190 na ushee, kilomita 100 hivi ndizo ambazo basi linaweza kukimbia bila kuingia kwenye makazi, na kwingine kote ni Kibaha, Mlandizi, Chalinze na vituo vya katikati. Kilomita hizo 100 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 75, kwa mwendo wa 100 huchukua dakika 60. Mnachokigombania ni dakika 15, ambazo foleni moja ya Mbezi inaweza kuzimeza zote, na mnachokiweka rehani ni basi zima. Sheria inamfunga dereva kwenye 80, na mabasi ya masafa marefu hufuatiliwa na LATRA kwa kifaa kinachotuma mwendo wake muda wote, hivyo mnapompigia kelele akimbie mnamwomba ahatarishe pia kazi yake. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na giza halimwachii dereva ule umbali wa kuona alionao mchana.

"Sisi wa bodaboda nasi tunalipa 30,000?" (Msomaji, Gongo la Mboto)

Hapana. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Mwendo wenu kwenye makazi ni ule ule wa 50, na kofia ngumu ni ya abiria pia.

"Shule ya wanetu iko kando ya barabara kubwa na magari hayapunguzi. Tumelalamika kwa mdomo mpaka tumechoka. Tuanzie wapi?" (Mama wa wanafunzi, Mbagala Rangi Tatu)

Shikamoo mama, na pole. Malalamiko ya mdomo hayafunguliwi jalada. Kamati ya shule iandike barua, ipitishwe na serikali ya mtaa, ielekezwe kwa TANROADS kama ni barabara kuu au ya mkoa, au kwa TARURA kama ni ya mtaa, na nakala ipelekwe kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa wa kipolisi. Elezeni idadi ya watoto wanaovuka, saa wanazovuka na mahali hasa wanapovukia, kisha ombeni vitu vinavyotajika: kivuko chenye michoro, kibao cha 30 na matuta kabla ya kivuko. Wakati barua ikifanyiwa kazi, ombeni askari asubuhi na mchana, au mtu mzima aliyefundishwa kuvusha watoto kwa kibao cha mkononi. Mkishapewa namba ya jalada itunzeni, na kila mnapofuatilia ianzeni barua yenu kwa namba hiyo.