Barua kwa mwanangu: Georges na miaka yake sita

Moshi

Mwanangu,

Umeangalia Caché, ile filamu ya Michael Haneke ya mwaka 2005, ukaniuliza: mtu mzima ana hatia gani kwa uongo aliousema akiwa na miaka 6?

Kwa uongo ule, simlaumu Georges, mhusika mkuu wa filamu. Hata sheria yetu haimshtaki mtoto wa chini ya miaka 10. Wazazi wa Majid, yule mtoto aliyesingiziwa, walikuwa Waaljeria, vibarua shambani kwa kina Georges; walikwenda kwenye maandamano ya Paris ya Oktoba 17, 1961, yale ambayo polisi waliyazima kwa kuua watu, wasirudi. Wazazi wa Georges wakataka kumlea Majid awe mtoto wao. Georges akaona wivu. Akasema Majid anatema damu. Ilipogonga mwamba, akamdanganya amchinje jogoo, kisha akamsingizia kwamba alitaka kumtisha. Majid akapelekwa kwenye kituo cha yatima. (Wewe ulipoletewa mdogo wako ulimfinya wiki nzima, usijifanye umesahau.)

Sasa mtazame Georges huyohuyo ukubwani. Kanda za video zilizorekodi nyumba yake kwa siri zinaletwa mlangoni, anamficha mkewe jina la mtu anayemshuku. Anamfuata Majid kwake na kumtolea vitisho. Mwanawe Pierrot asiporudi usiku mmoja, anawashuku Majid na kijana wake, nao wanalala mahabusu. Majid anajikata koo mbele ya macho ya Georges, naye Georges anapita sinema kwanza ndipo arudi nyumbani. Hayo yote hakuyafanya akiwa na miaka 6.

Unasema Majid ndiye mwenye kinyongo. Mimi sikukiona. Alimkaribisha mgeni wake, akazungumza naye kwa upole. Mwenye kinyongo ni yule aliyekosa, kwa sababu kumwona Majid kunamkumbusha.

Huku Uchaggani ukimkosea mtu unampelekea sale, jani la kuombea msamaha, naye akishaletewa hana njia ya kukataa kusuluhishwa. Nimeona ndugu waliogombea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hadi wakaacha kuzikana, na sale likawakalisha pamoja. Ila linatoka kwa mkosaji. Georges alifika hadi mlangoni kwa Majid mikono mitupu.

Kuhusu aliyetuma kanda, filamu haisemi. Baba yako anashikilia kuwa ni vijana, eti kwa kuwa mwishoni Pierrot na mtoto wa Majid wanaonekana wakiongea kwenye ngazi za shule. Abishe tu. Aliyezituma hakumwekea Georges mdomoni hata neno moja kati ya yale aliyomwambia Majid.

Mama yako