Planet Ocean mpya: vali imekwenda wapi?

Barua za wiki hizi karibu zote zinazungumzia saa moja. Mwishoni mwa 2025 Omega ya Uswisi ilitoa kizazi cha nne cha Seamaster Planet Ocean, saa ya wazamiaji iliyoanza kuuzwa mwaka 2005. Ile tuliyoizoea ilikuwa nene, yenye mabega ya mviringo. Hii mpya ina kingo kali, upana wa milimita 42 na unene usiofika milimita 14. Kikubwa zaidi, ubavuni haina tena ile vali ya heliamu. Wapo walioshangilia na wapo walionuna. Mimi ni wa waliofurahi, ingawa kuna jambo moja linaloniuma, nalo nitalisema.

Mimi nafundisha watalii kuzamia hapa Unguja. Vali ndiyo ilikuwa alama ya Planet Ocean. Kuiondoa kisha kuendelea kuandika kwamba saa inahimili kina cha mita 600 si kutudanganya? – Msomaji, Unguja

Hapana, ndugu yangu, na nitakueleza taratibu kwa sababu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuzuia maji ni kazi ya raba, kioo na mfuniko wa nyuma. Vali haizuii maji hata kidogo. Yenyewe iliwekwa kwa ajili ya kundi dogo sana la watu: wazamiaji wa kazi za baharini, wanaokaa siku kadhaa ndani ya chemba ya shinikizo wakivuta hewa iliyochanganywa na heliamu. Chembe za heliamu ni ndogo mno, hupenya kwenye raba zinazolizuia tone la maji. Mzamiaji anaposhushiwa shinikizo taratibu ili arudi kwenye hewa ya kawaida, heliamu iliyojifungia ndani ya saa inakosa pa kutokea, na inaweza kukifyatua kioo. Rolex ilitoa Sea-Dweller mwaka 1967 kwa ajili ya watu hao, na vali ya kuitoa heliamu hiyo ikaja nayo.

Lakini hiyo ni njia moja tu. Mwaka 1968 mzamiaji mmoja wa Japani aliiandikia Seiko akilalamika kwamba saa zao hazihimili kazi yake. Wahandisi wakakaa na tatizo lile kwa miaka, na mwaka 1975 wakatoa saa ya mita 600 isiyo na vali kabisa. Waliunda raba na umbo la saa hivi kwamba heliamu yenyewe isiingie. Omega nao, walipotoa Ultra Deep ya mita 6,000 mwaka 2022, hawakuweka vali. Kwa hiyo vali kutokuwepo hakuonyeshi udhaifu wowote.

Wewe na wanafunzi wako hapo Mnemba hamshuki chini ya mita 40, ndio mpaka wa kuzamia kwa starehe, na hewa mnayovuta haina heliamu. Kwa miaka 20 mmebeba ubavuni kitundu cha kazi isiyo yenu. Kampuni imekuwa mkweli kwa kukiondoa, na ukweli wa namna hiyo ni adimu kwenye biashara ya saa za kifahari.

Mbona imepoteza sura yake? Nikiitazama kwa mbali sijui ni ya nani. – Msomaji, Nairobi

Hapa ndipo panaponiuma. Masikio yale ya zamani, yale ya kushikia mkanda, yaliyojikunja kama pembe za kinubi, Omega wameyatumia tangu miaka ya 1960. Ulikuwa unaitambua saa hata ukiwa upande wa pili wa meza. Sasa yamenyooshwa, na mkanda wa chuma nao umekuwa bapa, unaungana na saa kama kipande kimoja. Wenye kuipenda wanasema huo ni mkopo kutoka Seamaster za miaka ya 1980 na 1990, nami nakubali kwamba mkopo huo upo. Hata hivyo mabega yale nitayakumbuka.

Ila usiseme imepotea kabisa. Tazama namba za kwenye uso, tazama mishale mipana kama mikuki, tazama ile yenye pete ya rangi ya chungwa, yaani duara linalouzunguka uso. Rangi hiyo ndiyo iliyoitambulisha Planet Ocean mwaka 2005. Zamani pete ile ya chungwa ilikuwa ya alumini, ikichubuka na kufifia juani. Safari hii ni ya kauri, na kauri haififii. Tena Omega hawajawahi kuogopa maumbo magumu: mwaka 1970 walitoa Ploprof, saa ya pembe nne yenye kitufe chekundu ubavuni, na leo watu wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Wazamiaji wote siku hizi wana kompyuta mkononi. Saa ya maelfu ya dola ni ya nini? – Msomaji, Dar es Salaam

Kompyuta ya kuzamia inajua kina, muda na kiasi cha naitrojeni iliyoingia mwilini. Anayeshuka bila kompyuta kwa sababu ana saa nzuri anacheza na uhai wake. Hilo silipingi hata kidogo.

Ila kompyuta huzima, na betri huisha. Pete ya saa haina betri. Unapoanza kushuka unaizungusha mpaka alama yake ilingane na mshale wa dakika, basi; ukitazama baadaye unasoma dakika ulizokaa chini. Inazunguka upande mmoja tu, na sababu yake ni nzuri sana: ikigongwa na mwamba au kamba, kosa litakuonyesha umekaa muda mrefu zaidi ya uliokaa, nawe utapanda mapema. Pete ya kuzungushwa ya kuhesabu dakika ilikuwepo kwenye Fifty Fathoms, saa ya wazamiaji ya Blancpain, mwaka 1953. Mimi mwenyewe huitumia pete nikisimama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kuibuka. Kompyuta inahesabu, nami nahesabu.

Kuhusu bei sina la kukubembeleza. Saa ya Kijapani ya bei ya simu ya kawaida itazama nawe vizuri tu. Unachoongezea fedha hapa ni mashine: inapimwa na taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, METAS, inahimili usumaku wa gausi 15,000, na haitakiwi kukosea zaidi ya sekunde 5 kwa siku, tena kwa kwenda mbele tu. Kama hayo hayakugusi, usinunue.

Kwa nini wameondoa tarehe? – Msomaji, Muscat

Uso umetulia zaidi, na chini ya maji tarehe haikusaidii kitu. Anayeihitaji ofisini ana haki ya kulalamika. Mimi siikosi.

Mkono wangu ni mwembamba, dada zangu wananiambia milimita 42 itanimeza. – Msomaji, Tanga

Dada, upana wa saa haukuambii yote. Pima kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini. Ncha hizo zisipovuka ukingo wa mkono wako, saa itakaa. Unene nao ni muhimu: Planet Ocean ya kizazi cha tatu yenye upana wa milimita 43.5 ilikuwa na unene wa kama milimita 16, ikikwama kwenye kila mkono wa shati. Hii ijaribu kabla ya kukata tamaa.

Kuna kijana ananiuzia hiyo hiyo kwa shilingi 150,000. Niichukue? – Msomaji, Dar es Salaam

Hiyo ni feki, kaka. Ukiipenda kama pambo ni hiari yako, lakini usiingie nayo majini.

Nikiogelea nayo baharini kila Jumapili, itaharibika? – Msomaji, Mombasa

Bahari haitaiharibu, uzembe ndio utakaoiharibu. Ukitoka majini isuuze kwa maji baridi ya bomba, uzungushe na pete ili chumvi itoke chini yake. Kitufe cha pembeni hakikisha kimekazwa kabla hujaingia, na usikifungue mkono ukiwa umelowa.

Miaka iliyopita nilipeleka saa yangu ya kuzamia kwa fundi mmoja abadilishe kioo. Aliifunga bila kuipima kwa shinikizo, nami sikumwuliza. Wiki ileile niliingia nayo kwenye maji yasiyofika kiunoni, na nilipotoka kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Mashine ilishika kutu kabla sijampata mtu wa kuifungua. Iliandikwa mita 200. Saa yoyote ikishafunguliwa, hata na fundi hodari, raba zibadilishwe na ipimwe kwa shinikizo mbele yako. Kwa wewe unayeogelea kila wiki, ipimwe mara moja kila mwaka, hata kama haijafunguliwa.